Mlango Mkubwa wa Masjala

Kuna mwaka mmoja nililala ofisini kwa mkuu wa wilaya ya Kibondo, na sikuwa na cheo chochote. Nilikuwa mtunza stoo wa mkandarasi, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na ofisi yenyewe ilikuwa haijapata dirisha wala mlango. Nasema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wa nyumbani kwangu Kasulu hawaamini kwamba niliwahi kwenda mahali. Wananijua kama mzee wa kiti cha barazani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nikitaka kwenda dukani huaga kama mtu anayesafiri, na kwamba siku nikifa hawatapata shida ya kuuleta mwili, maana utakuwa upo tayari. Tunacheka wote, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu ni kweli. Basi juzi simu ikalia, na upande wa pili alikuwa Bomani, mwanamume wa makamo anayefanya kazi ya kuchomelea mageti huko Mwanza. Akaniambia, "Baba mdogo, mama ametutoka. Alfajiri ya leo, hapa hapa Kibondo." Nikamjibu, "Sawa." Nikakata simu, nikarudi kitini. Sawa, kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa kidogo.

Mchana mke wangu akaleta ugali na maharage. Nikala, nikaongeza. Alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama mkono na mdomo, halafu akasema, "Baba Neema, hayo maharage hayana chumvi hata chembe. Nimekuachia makusudi nione." Nikamwambia sikugundua. "Na chai ya asubuhi ulikunywa bila sukari ukasema asante. Sasa niambie, amekufa mwenzako au umekufa wewe?" Sikuwa na machozi, wala ule uzito wa kifuani ambao watu husema huja. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu, upo lakini hauusikii. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na begi langu ambalo miaka mingi halijashuka juu ya kabati. "Nenda ukamzike Mama Bomani," akasema. "Utarudi tu. Nani atakuchukua wewe?" Hivyo ndivyo nilivyojikuta kwenye basi la Kibondo, barabara ya lami, safari ambayo zamani ilikuwa inakula siku nzima na ukifika huna rangi ya ngozi yako.

Wakati ule nilifika juu ya lori la saruji, na mtu wa kwanza kuniona nikishuka alikuwa yeye. Jina lake lilikuwa Generoza. Alikuwa mke wa fundi mkuu, Barnaba, na wote wawili walikuwa wameingia nchini wakiwa vijana, wakikimbia mambo ya kwao Burundi. Barnaba alijifunza ujenzi kwa mapadri, akawa fundi hodari, na tangu hapo alikuwa anajengea serikali: zahanati huku, mahakama kule, na sasa makao mapya ya wilaya, kwa kuwa boma la zamani la wakoloni lilikuwa limeanza kumwaga vigae vichwani mwa watu. Mkewe alimfuata kila alikojenga, wakilala ndani ya jengo lenyewe, na jengo likikamilika wanahama. Kwa hiyo alikuwa ameishi katika nyumba nyingi za serikali kuliko waziri yeyote, ila zote bila milango. Akanitazama pale nimesimama na godoro langu la sufi, nyusi zimejaa vumbi jeupe, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Mwakeye." Halafu akauliza, "Huyu mtoto analia au ni saruji?" Nilikuwa nalia. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kwetu hata usiku mmoja, shule yenyewe nilisoma ya kutwa. Nikasema ni saruji. "Basi karibu ndani, shemeji," akasema, "ingawa ndani penyewe bado hapajajengwa."

Niwaeleze jengo, maana watu wanapita pale wanaona ofisi tu. Ramani ilitoka wizarani, na ilikuwa ramani moja ya nchi nzima: jengo refu kama treni, veranda mbele yenye nguzo, vyumba vimepangwa mstari mmoja, mlango wa kila chumba unafungukia verandani. Mwisho wa kulia kabisa ni kwa mkuu wa wilaya. Kinachofuata ni masjala, yaani chumba cha mafaili, halafu ardhi, elimu, hazina, na kadhalika hadi ukumbi wa mikutano upande wa kushoto. Na juu ya kila ukuta unaotenga chumba na chumba, karibu na dari, kuna mistari ya matofali ya matundu ili upepo upite. Aliyeichora ramani ile alikuwa anasikia joto. Nadhani aliichora huko pwani, shati limemganda mgongoni, akawaza jinsi gani Mtanzania atapata hewa. Hakuna aliyemwambia kwamba Kibondo kuna watu wanaamka na ukungu mlangoni, na kwamba hapa hewa ndiyo tunayoikimbia. Tukajenga kama ilivyochorwa. Barnaba alikuwa akiikunjua ramani juu ya pipa, anaweka mawe pembe nne, anaitazama kama watu wanavyotazama altare. "Ramani ni ya serikali," alikuwa akisema ukimuuliza jambo lolote, hata kama umemuuliza saa.

Matundu yale yalipitisha upepo, na yalipitisha maneno pia. Ukikohoa kwa mkuu wa wilaya, mtu wa ardhi anakwambia pole. Miaka yote iliyofuata wananchi waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu waliisikia serikali yao ikiongea chumba kwa chumba, na nadhani ndiyo sababu Kibondo hakukuwa na siri nyingi. Mimi nilikuwa wa kwanza kufaidi. Nilipewa kulala kwa mkuu wa wilaya, pamoja na mifuko ya saruji, kwa sababu chumba kile kilikuwa kikubwa na ndicho kilichoezekwa kwanza. Barnaba na Generoza walilala masjala. Jikoni kwetu kulikuwa hazina, chumba chenye kuta nene kuliko vyote, kilichokusudiwa fedha za wilaya. Generoza akaweka mafiga matatu katikati na sufuria juu yake. Na kule ukumbini alikaa Mzee Shabani, seremala kutoka Ujiji, kofia yake ya kitambaa haikumtoka kichwani hata akipiga randa, na vumbi la mninga lilimfanya anukie vizuri kuliko sisi sote.

Jioni tulikula hazina, tumezunguka moto, mlango wazi maana hakukuwa na mlango. Ugali wa muhogo, maharage yenye mawese mekundu yaliyoganda ukichelewa kula, siku nyingine sombe, yale majani ya muhogo, na lori likipita kutoka Kigoma tulipata dagaa. Sukari mwaka ule ilikuwa habari ya kusikia. Mafundi walikuwa na raha ya kunitania. Wao wakitoka kwenda kutafuta rubisi, pombe ya ndizi, mtaani, mimi nabaki kumsaidia Generoza kuchambua mchicha. "Stoo," walikuwa wakiniita hivyo, "wewe mwanamume gani unanuka moshi wa jikoni?" Shabani akidakia, "Msimwonee. Waha wa Kasulu wote ndivyo walivyo, wakiona kona ya barabara wanarudi nyumbani kuuliza." Generoza hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti, lakini alikuwa na namna ya kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mtu akimkera. Aliugonga, akasema, "Mwacheni shemeji yangu. Mwanamume wa kukaa nyumbani haonekani mara nyingi. Mimi wangu namwona ukutani tu." Barnaba akaendelea kula. Alikuwa mtu mwema, naye alikula kama anavyopanga matofali, kwa utaratibu, tonge kwa tonge, macho yapo kwingine.

Ulikuwa mchana mmoja wa Jumapili, tumelala baada ya kula, niliposikia yale maneno. Kirundi na Kiha chetu si mbali. Nilikuwa nasikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, neno moja moja linapotea na mengine yote unayapata. Generoza alisema, "Barnaba, nyumba hii itapata milango lini?" Barnaba akasema milango ni ya mwisho. Kwanza kenchi za paa, halafu bati, halafu lipu, halafu sakafu, ndipo milango, nayo iko Tabora inasubiri lori. "Basi mimi nitaitangulia milango," akasema Generoza. Nikasikia Barnaba akikaa kitako kitandani. "Kweli?" akauliza. "Ego," ndiyo kwa kwao. "Ngoja basi, tutaona." "Yule wa kwanza ulisema ngoja," akasema Generoza, na hakusema kwa hasira, alisema kama anataja bei ya muhogo. "Wa pili pia ulisema ngoja." Mvua ikaanza, na mvua ikipiga bati tupu lisilo na dari husikii hata mawazo yako, kwa hiyo sijui kama walisema kingine.

Aliniambia mwenyewe habari ya mimba siku chache baadaye, tukiwa jikoni, na sikuhitaji kujifanya sijui. Kwao, kama kwa bibi zetu, mama akijifungua hukaa ndani na mtoto, mlango umefungwa, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Kikidondoka kinazikwa nyuma ya nyumba, na juu yake unapandwa mgomba. Hapo ndipo kwenu. Ukiulizwa maisha yako yote unatoka wapi, unatoka pale. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye zahanati ambayo Barnaba alikuwa bado anaijenga, pazia la turubai mlangoni. Wa pili, mahakamani, turubai lile lile. Wote wawili waliondoka kabla ya kitovu kudondoka. "Wananiambia ni homa, ni baridi," akasema. "Sawa, ni baridi. Baridi iliingilia wapi?" Akanionyesha kwa mwiko tundu la mlango, lile pengo refu la ukutani, na nje yake ukungu ukitambaa verandani kama mtu mwenye shughuli humo. Mimi nilikuwa na umri wa kudhani kila jambo lina jibu la kidato cha nne. Nikaendelea kuchambua mchicha. Tangu siku ile nami nikawa natazama mapengo yale, na nikahesabu miezi kwa tumbo lake huku lori la Tabora likitajwa kila wiki kwamba liko njiani.

Mlango mmoja tu ulikuwa unatengenezwa pale pale Kibondo. Ramani ilitaka ofisi ya mkuu iwe na mlango wa heshima, mninga mtupu, mabawa mawili, umechongwa vipande vya pembe nne na ukingo wa maua, na kazi hiyo alipewa Shabani. Alikaa nao miezi. Ulipoisha akausimamisha ukumbini tukaenda kuuona kama watu wanavyokwenda kumwona bibi harusi. Generoza, ambaye sasa alikuwa anatembea ameshika kiuno, akaupapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini, akausukuma, akaona haupepesuki. "Huu unafunga," akasema. Shabani alimtazama yeye, akatazama tumbo, akatazama mlango. Alikuwa na watoto wengi Ujiji na nadhani aliwakumbuka wote kwa pamoja. "Barnaba," akaita, "mlango uko tayari. Nikaufunge wapi?" Barnaba akasema kwa mkuu wa wilaya, wapi tena. "Mkuu wa wilaya anajifungua lini?" akauliza Shabani.

Mtu atauliza kwa nini Generoza asihamie tu kwa mkuu. Tulimwambia. Akasema, "Oya," yaani hapana. "Mle ni kwa mtu. Atakuja anikute nimelala?" Na kweli mkuu wa wilaya, bwana mrefu mwenye fimbo ndogo, alikuwa na tabia ya kuja jioni na kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya mifuko yangu ya saruji, akakaa akitazama dirisha lisilo na kioo, akijizoeza. Nikimwona naondoka na godoro. "Masjala ni ya makaratasi," akasema Generoza, "makaratasi hayataniuliza kitu." Tatizo ni kwamba tundu la masjala lilikuwa jembamba, na mlango ule ulikuwa mpana. Kuuweka pale ilibidi kubomoa ukuta. Barnaba akatikisa kichwa. Ramani ni ya serikali. Akatoka akapanda jukwaani, akawa anapiga lipu sehemu ambayo tayari ilikuwa na lipu.

Ilikuwa mchana wa mvua ya manyunyu, niko stoo, nikasikia tindo. Mtu aliyeishi kwenye ujenzi anajua sauti ya kujenga na sauti ya kubomoa, ni kama kicheko na kikohozi. Nikachungulia. Barnaba alikuwa amepiga magoti mbele ya masjala, anachonga ukuta alioujenga kwa mikono yake, lipu yake nyeupe inaanguka vipande kwenye sakafu yake nyekundu aliyokuwa ameisugua kwa nta wiki iliyopita. Hakumwita mtu. Ramani sikuiona juu ya pipa. Shabani akaja na bawaba bila kuitwa, mimi nikaja na saruji bila kuandikiwa, na kabla ya jioni mlango mkubwa wa mkuu wa wilaya ulikuwa umesimama masjala. Kwa mkuu tukalipunguza pengo kwa matofali, Shabani akagongelea mlango wa mbao tulizomwagia zege, mfupi kidogo maana mbao zilikuwa fupi. "Wa muda tu," akasema Barnaba. "Akishatoka Generoza tunabadilisha." Generoza akaingia masjala, akavuta mabawa yote mawili, nikasikia komeo. Halafu kupitia matunduni nikasikia analia, polepole, na Barnaba nje verandani anafagia vifusi kwa utaratibu, kama anavyokula, tonge kwa tonge.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, kwa mikono ya bibi mmoja mkunga wa mtaa wa jirani, na jengo zima lilimsikia. Sasa kilichobaki kilikuwa kitovu, na hapo ndipo serikali ilipoharakisha. Lori la Tabora, baada ya kukwama msimu mzima, lilifika na milango yote ya vyumba vingine. Na nyuma yake ikaja habari kwamba mgeni rasmi yuko ziarani Kigoma na atapita kufungua jengo keshokutwa. Kila mtu akapiga rangi. Mkuu wa wilaya akaja, akauona mlango wake uko masjala, akafungua mdomo, akaufunga, akasema tu, "Huyo mama atoke." Barnaba akaenda kuongea na mkewe akarudi. Akaniambia, "Stoo, nenda wewe. Wewe anakusikiliza." Nikagonga. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto amelala kama mkate uliofungwa, na joto la chumba kile lilikuwa la kushangaza, chumba pekee chenye joto wilayani. Walikuwa wameziba matundu ya juu kwa mifuko yangu mitupu ya saruji, yote isipokuwa kona moja. "Shemeji," nikaanza. "Kimebaki kidogo," akasema, "kinaning'inia." Nikamwambia mgeni ni mtu mkubwa. Akanitazama. "Shemeji, wewe ukiwa kwenu hutoki hata kwa harusi. Umekuja kunitoa mimi?" Nikakaa pale kidogo zaidi, kwa sababu ya joto. Halafu nikatoka nikamwambia Barnaba, "Hatoki," na nakumbuka nilivyojisikia mtu mzima kulisema.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na kwaya, ngoma, na watoto wa shule wenye bendera za karatasi. Mgeni rasmi alikuwa mzee mnene mwenye miwani, anatembea taratibu kama mtu ambaye viatu vinambana. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye kile kimlango cha mbao za zege. Lakini mtu yeyote mwenye akili akipanda veranda ile anaona mlango mmoja tu, na mzee akauendea moja kwa moja. "Hii bila shaka ndiyo ofisi ya mkuu wa wilaya," akasema, mkono tayari umeinuliwa kugonga. Mkuu akasema, "Mheshimiwa, hiyo ni masjala." Mzee akaupima mlango kwa macho. "Masjala?" Na hapo mtoto akaanza. Kile kitundu cha kona kilichoachwa wazi kilitosha: sauti ilipita kwa mkuu, ikapita ardhi, ikapita elimu, ikatokea ukumbini, jengo lote likawa linalia. Kwaya ikanyamaza. Mkuu wa wilaya alikuwa anatokwa jasho, mtu pekee aliyepata kutokwa jasho katika jengo lile. Barnaba akasogea mbele, kofia mkononi, akasema, "Ni wangu, mzee. Kitovu hakijadondoka."

Nilimwona yule mgeni akishusha mkono. Akarudi nyuma hatua moja, kama tunavyorudi nyuma sote tukiambiwa neno lile mlangoni pa mtu, na sijui kwao ni wapi lakini ni mahali wanapolijua. "Basi," akasema kwa sauti ya chini, "tusimgongee mwenyeji." Akaenda kwenye kile kimlango, akakata utepe, akainama ili asigonge kichwa, akaingia. Wote wakainama nyuma yake, mmoja mmoja. Kibao cha ukumbusho kikapigiliwa hapo hapo pembeni. Na ndiyo hivyo mlango haukubadilishwa tena. Barnaba alipotaka kuubadilisha akaambiwa jengo limeshafunguliwa na mgeni rasmi kama lilivyo, nani atathubutu kuligusa? Kwa miaka yote iliyofuata wakuu wa wilaya ya Kibondo wameingia ofisini kwao wameinama, na wageni wamesimama mbele ya masjala wakifunga vifungo vya koti kabla ya kumgongea karani wa mafaili.

Kitovu kilidondoka siku iliyofuata. Walikizika nyuma ya masjala, wakapanda mgomba, na mtoto, ambaye alibatizwa Deogratias, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Bomani, na Generoza kwa mara ya kwanza akawa mama wa mtu. Halafu Barnaba akaitwa kwenda kujenga mahakama wilaya nyingine. Nilikuwa nafunga godoro langu nirudi Kasulu niliposikia kupitia matunduni kwa mara ya mwisho. "Jengo limekwisha," akasema Barnaba, "tuondoke." "Nenda kajenge," akasema Generoza. "Mimi nimefika." Hawakugombana. Nilisubiri wagombane, hawakugombana. Barnaba alirudi Krismasi ile na iliyofuata, na baadaye zikaja salamu tu, na baadaye hata salamu hazikuja. Generoza alipanga chumba nyuma ya soko, baadaye akapata nyumba yake ndogo, akawa anawapikia chai makarani wa bomani, miaka yote. Wenzake waliporudishwa kwao, na ile kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, watu walimuuliza yeye kwao ni wapi, naye alikuwa akionyesha kwa kidevu: "Nyuma ya masjala." Alipopewa uraia alisema wamechelewa kuambiwa. Kila nilipofika Kibondo, na nilifika mara chache mno, alikuwa akiniuliza, "Nani amekutoa nyumbani, shemeji?"

Tulimzika uani kwake. Wanawake walilia, Bomani alilia akiwa ameshikwa na watu wawili, mimi nilisimama nikitazama ufa kwenye lipu ya nyumba yake na nikiwaza kwamba Barnaba asingeiacha hivyo. Nilipewa pilau, nikala, sijui kama ilikuwa pilau. Asubuhi yake Bomani akaniambia, "Baba mdogo, nisindikize bomani," akachukua jembe la jirani. Makao ya wilaya yamehamia jengo jipya, ghorofa la vioo vya bluu linalofanana na miwani ya jua, na nasikia humo ndani kila mtu ana kipasha joto chake chini ya meza. Jengo letu limebaki tupu. Mlinzi alikuwa amekaa verandani na koti zito. "Wazee, kwa mkuu ni kule kwenye vioo," akasema. Bomani akamwambia tunakwenda masjala. "Masjala imehama." "Na mlango?" "Mlango upo. Walijaribu kuung'oa wakashindwa." Tukamwambia tunautazama tu. Bomani ni mpana kama baba yake. Akaweka kiganja juu ya mninga, akakishusha hadi chini, polepole, na sikuwahi kumwambia kwamba mama yake aliupapasa hivyo hivyo. Akausukuma. Bawaba za Shabani hazikupiga kelele.

Tukazunguka nyuma. Ule mgomba umekuwa kichaka, umezaa na kuzaa miaka yote hiyo, mashina mapya yamesukuma ya zamani hadi karibu na ukuta. Mkungu mmoja ulikuwa umeinama, chana la juu limeanza kugeuka njano. Bomani akapiga magoti akaanza kuchimba chipukizi la kwenda kupanda kwa mama yake. Nikakaa kwenye ukingo wa msingi, maana huwa nakaa. Kutoka ndani, kupitia vyumba vyote vitupu, kupitia matundu yale yale, sauti ya mlinzi ikaja kama imetoka katika kila chumba: "Nani huko nyuma? Hiyo migomba ni mali ya serikali!"

Bomani hakuinua kichwa. "Mwenyeji," akasema.

Bomani akaling'oa chipukizi na udongo wake, akaliweka kando, akavunja ndizi moja kwenye mkungu akanipa. Nikaimenya. Nikauma, nikatafuna, nikasimamisha taya. Ulimi ulijikunja, mashavu yakavutana kwa ndani.

"Ina ukakasi," nikasema.

"Haijaiva hiyo, baba mdogo. Iteme."

"Naisikia," nikamwambia, na nikaila yote.